Filamu Zisizofika Bondeni

Hennersgrund, 19 Februari 1978

Mwanangu Gotthard,

Salamu nyingi kutoka huku Mashariki, na baada ya salamu nataka kujua hali yako, kifua chako, na kama unakula. Mimi ni mzima, nashukuru, isipokuwa magoti, na hayo nayo yanauma ninapopanda ngazi tu, kwa hiyo sipandi. Traudel, mwenzangu wa kiwanda cha taulo, anakusalimu. Mwokaji anakusalimu. Hata wasiokusalimu nawahesabu kuwa wanakusalimu, maana ni wivu tu unaowafunga mdomo.

Barua yako ya ile tuzo niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa, halafu nikavaa koti nikaenda nayo kwa mwokaji, ingawa mkate nilikuwa nao. Jumamosi foleni inafika mpaka barabarani, ndiyo siku nzuri. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua, "Gotthard wangu kapewa tuzo Berlin."

Bi. Scholze akageuka, yule mwenye mume wa zimamoto. "Berlin ipi?"

"Ile nyingine," nikasema.

"Basi sisi hiyo tuzo hatujaiona."

Nikamwambia, "Hata hilo jipu la kisogoni kwako hujaliona, na lipo."

Watu walicheka mpaka mwokaji akakosea hesabu ya mikate. Lakini Scholze naye anajua pa kuchoma. Akaniuliza polepole, "Hiyo filamu inahusu nini, Hertha?" Nikalipia mkate nisiouhitaji nikatoka. Mwanangu, nimezaa mwongozaji wa filamu, mtu anayeziandika mwenyewe na kuziongoza mwenyewe, picha yake iko magazetini, na sijaona filamu yake hata moja. Televisheni ya kwenu Magharibi inaingia karibu nchi yetu nzima, watu wa kule milima ya Harz wanaiangalia kila jioni wakijifanya hawaiangalii, lakini bonde letu hili limezama, mawimbi yanapita juu kama mabata bukini. Mume wa Scholze kafunga antena ndefu kama bomba la kiwanda, na anaona chenga tu. Wewe kuja huwezi, tangu walipokurudisha mpakani siku ile mimi niko stesheni na keki mkononi. Na mimi kuja kwako mpaka nitimize miaka sitini. Mwanamke akifika sitini serikali yetu inamwachia atembee, maana hata asiporudi hawapotezi mfumaji.

Basi nisimulie wewe. Iandike yote, mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukinisimulia ndoto zako jikoni nami namenya viazi. Usinifupishie. Nikiulizwa tena nataka nijibu mpaka foleni iishe.

Mama yako anayekupenda,
Hertha


München, 11 Machi 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia. Mimi ni mzima, nakula, ingawa ninakula nimesimama. Barua yako imefika ikiwa imegundishwa mara mbili, kwa hiyo namsalimu pia yule aliyeisoma kabla yangu.

Filamu ni hii. Kuna mwanamke anayelinda kizuizi pale barabara inapokata reli. Reli inafungwa, treni hazipiti tena, wakubwa wanamwambia aende nyumbani. Ila wanasahau kumnyang'anya ufunguo. Kesho yake, saa ya treni ya asubuhi, anashusha kizuizi. Wenye magari wanamtukana. Baada ya majuma wanazoea, wanasimama, wanazima injini, wengine wanamletea kahawa. Mwishoni ni yeye na kizuizi kilichoshushwa, hakuna gari, hakuna treni, nami naiacha kamera pale dakika nzima. Gazeti moja liliandika kuwa dakika hiyo ilikuwa ndefu kuliko vita. Watu waliokuja sinema wangeenea jikoni kwako. Tuzo yenyewe ni sahani ya shaba, naiwekea funguo.

Unauliza kila mara kazi yangu ikoje. Unakumbuka nilivyofika mji huu na sanduku la karatasi ngumu. Nilibeba nyaya studio, nikawaandikia watu wengine mazungumzo bila jina langu kutajwa, kisha nikapewa filamu moja, na ya pili ndiyo ile ya mpakani iliyonifungia mlango wa kwenu. Wakubwa wa huko wanaikumbuka kuliko mtu yeyote wa huku. Nikiandika nakuweka mbele yangu, na kisu chako na viazi. Neno ambalo ungeliuliza "hilo nalo ni nini?" nalifuta. Watayarishaji wanadhani huo ni mtindo wangu.

Tarehe nne Mei wataionyesha kwenye televisheni. Binamu yako Lothar si yuko Wernigerode, huko Harz? Kule inaonekana.

Mwanao,
Gotthard


Hennersgrund, 9 Mei 1978

Mwanangu Gotthard,

Natumaini barua hii inakukuta salama kama inavyoniacha, ila mgongo umekuwa ubao kwa ajili ya safari. Nilikwenda kwa Lothar. Nilivaa gauni la bluu. Lothar akaniuliza naenda harusi ya nani. Nikamwambia, "Leo mwanangu anaingia sebuleni kwako, na wewe umevaa kandambili."

Wakafunga mapazia, wakapunguza sauti, mkewe Gerlinde akakaa karibu na kitufe cha kubadilishia stesheni. Ikaja reli, ikaja nyasi, upepo, na maandishi: Imeandikwa na kuongozwa na Gotthard Wünsche. Nimeliona, mwanangu. Jina la baba yako, ambaye hata kaburi lake halina maandishi, limeandikwa kwa nuru, kubwa kama dirisha. Nikasimama. "Mnaona? Mnaona?"

"Tunaona, Hertha," akasema Lothar. "Kaa chini, unaziba."

Hapohapo kengele ya mlango. Ni mkwe wao, yule wa ofisi ya chama, kaja kurudisha ngazi. Gerlinde akabonyeza. Mkwe mwenyewe hakuondoka. Wakamkaribisha bia kwa adabu tu, akakubali, akavua koti. Tukaangalia kipindi cha kupogoa miti ya matunda. Nilikaa pale na gauni langu nikifundishwa kukata matawi ya mtufaha, na najua kuwa nyuma ya miti ile, kitufe kimoja tu, mwanangu anaendelea bila mimi. Hata kukohoa niliogopa. Mkwe akaniangalia akasema, "Shangazi anapenda bustani. Naona mpaka machozi."

"Sana, baba," nikasema.

Alipoondoka Gerlinde akabonyeza tena. Kulikuwa na bwana anatangaza hali ya hewa ya kwenu. Mvua.

Lakini usihuzunike, maana kwa mwokaji nimeisimulia yote, na hapa na pale nikaitengeneza. Ule mwisho wako hauendi, mwanangu. Nilipofika pale kwenye kizuizi foleni nzima iliniangalia kama nimewauzia mkate usio na chumvi.

"Halafu?" akauliza Traudel.

"Halafu basi."

"Basi vipi? Mimi nimeacha maziwa jikoni kusikiliza hii."

Nikaona lazima nikuokoe. Nikasema: halafu yule mwanamke anasikia treni. Treni ya kweli, moja, imepotea njia. Inapita pale, na dereva anamvulia kofia. Gotthard, Scholze alilia. Scholze. Filamu ijayo fikiria na watu waliosimama foleni.

Mama yako,
Hertha


München, 2 Septemba 1979

Mama mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kimya changu. Hujambo? Kiwandani wazima? Nimekuwa nikitengeneza vipindi vya televisheni ambavyo hata nisipovisimulia hutapoteza kitu. Ile treni yako niliwasimulia wenzangu mezani. Mpiga picha wangu anasema ungetunyima tuzo lakini ungetujazia ukumbi.

Sasa nina kitu kipya. Naandika habari za mwanamke anayefuma taulo, mjane wa vita, anamlea mtoto wake peke yake katika bonde moja. Ni wewe na si wewe. Nahitaji uniambie mambo ambayo nilikuwa mdogo mno kuyaona: mnasimamaje, mnaongeaje katika kelele ile, uzi ukikatika mnajuaje.

Mwandiko umekuwa mbaya, najua. Mkono wa kulia umekuwa mvivu, vikombe vinanidondoka, juzi nimeanguka kwenye ngazi za studio mbele ya waigizaji, wakadhani nawaonyesha namna ya kuanguka. Daktari anapima. Atasema ni uchovu.

Habari ya filamu hii usimwambie mtu bado.

Mwanao,
Gotthard


Hennersgrund, 23 Septemba 1979

Mwanangu Gotthard,

Pokea salamu, na unijibu upesi kuhusu huo mkono. Mimi sijambo. Lile la kutomwambia mtu umeliandika mstari wa mwisho, na mimi nilikuwa nimeshafika kwa mwokaji na ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo wanajua. Kiwanda kizima kinajua. Traudel anauliza nani ataigiza yeye, na anataka mwembamba.

Haya sasa, andika. Mfumaji hasimami, anatembea, ana mitambo sita na anaizunguka kama mama mwenye watoto sita wenye homa. Uzi ukikatika husikii, unahisi, mtambo unabadilisha pumzi. Na kuongea tunaongea kwa midomo tu. Sauti haina kazi mle ndani, hata bomu lingeomba radhi likaondoka. Mimi namsoma Traudel mdomo kutoka ukuta mpaka ukuta. Namsoma hata akitafuna. Nimesoma midomo tangu ukiwa tumboni, na ndiyo maana ulipokuwa mdogo ukinung'unika umenipa mgongo ulidhani mimi mchawi. Nilikuwa nakuona kwenye kioo cha dirisha.

Mkono wako upake mafuta ya bata bukini, uufunge kwa sufu. Uchovu ni uchovu, lakini baba yako alipochoka mwandiko wake uliinama kulia. Wa kwako unainama kushoto, kisha unaanguka. Siupendi.

Mama yako,
Hertha


München, 3 Machi 1981

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inapigwa chapa na Annegret, msaidizi wangu. Anaweka sikio karibu na mdomo wangu, anarudia neno, nami nikifumba macho mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mwaka mzima na zaidi nimekuandikia kuwa ni uchovu, kisha kuwa ni mishipa, kisha kuwa nina shughuli. Sasa nakuambia. Ni ugonjwa wa neva, hauna dawa. Umeanza mkononi, ukashuka miguuni, na tangu Krismasi umeingia kwenye ulimi. Hauumi. Akili imebaki nzima, ndiyo kasoro yake.

Filamu ya mfumaji tumeianza. Nakaa kwenye kiti cha magurudumu, waigizaji wananisubiri kwa adabu ambayo ingeniua hata kama ningekuwa mzima. Nasema "mkono wake uwe mwepesi zaidi," na Annegret anasikia sauti tu. Tunajaribu, tunajaribu tena, jua la dirishani linahama, tunafunga kazi. Mama, ungekuwepo ungenisoma. Nalifikiria hilo kila siku.

Nyinyi mnaruhusiwa kusafiri kabla ya sitini endapo mtoto ni mahututi na hospitali imethibitisha. Daktari atatuma telegramu yenye muhuri. Nimemwomba asubiri majuma mawili ili barua hii itangulie, kwa sababu nina neno la kukuomba. Ukienda kuomba ruhusa pale dirishani kwa polisi sema mgonjwa, basi. Usitaje filamu. Usinisifu. Kwao mimi bado ni yule wa filamu ya mpakani. Najua barua hii inasomwa na mwingine. Naye aelewe kuwa ni mgonjwa tu anamwita mama yake.

Mwanao,
Gotthard


Hennersgrund, 19 Machi 1981

Mwanangu, Hardi wangu,

Leo salamu zinanishinda kuanza. Telegramu ya hospitali imefika jana, barua yako hakuna. Mahututi, sauti imepotea, wameandika, na pembeni jina la ugonjwa ambao daktari wa kiwanda alinieleza huku anaangalia kalenda yake ukutani. Unasikia maumivu? Unalala? Huyo Annegret waliyemtaja chini kuwa msaidizi wako ni nani, anapika?

Nisikilize, usiogope, nimeshakwenda polisi. Nilivaa la bluu. Dirishani yuko Bi. Noack, mwanamke wa makamo, nywele zimebanwa mpaka nyusi zimepanda. Akasoma telegramu mara mbili. "Pole," akasema, na nadhani alimaanisha. "Mtoto wako wa pekee?"

Mwanangu, nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nasema. Nikamwambia wa pekee, na si mtoto hivihivi, ni Gotthard Wünsche, mwongozaji wa filamu. Akaniuliza filamu zipi. Nikamsimulia ile ya kizuizi, akaacha kuandika akawa ananisikiliza, mpaka waliokuwa kwenye mabenchi nyuma yangu wakasogea. Nikaona tunakwenda vizuri. Nikamwambia sasa yuko katikati ya filamu ya kiwanda chetu cha taulo, inanihusu mimi, na sauti imempotea, na katika Ujerumani zote mbili hakuna anayeweza kumsoma mdomo isipokuwa mama yake, kwa hiyo nikifika tu filamu itamalizika.

"Kwa hiyo unakwenda kumsaidia kutengeneza filamu," akasema.

"Bila mimi haiwezekani," nikasema.

Akachukua tena kalamu. Halafu akaandika. Aliandika muda mrefu, nikajua hiyo ni heshima.

Jibu litakuja kwa posta. Nimeshatoa sanduku juu ya kabati. Traudel atanipokea zamu. Mwambie huyo anayeigiza mimi asijaribu kulia, mimi huwa silii mtamboni, vumbi la pamba linaingia machoni. Nakuja kukuelekeza watu wako.

Mama yako,
Hertha


München, 2 Aprili 1981

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako. Annegret alinisomea sehemu ya Bi. Noack mara mbili, ya pili akaisoma kwa kunong'ona.

Anapika, ndiyo, vibaya. Silali sana. Maumivu sina.

Ningekuwa mimi pale dirishani ningesema yaleyale. Yote uliyosema ni kweli, Mama.

Tungoje jibu.

Mwanao,
Gotthard


Hennersgrund, 6 Mei 1981

Mwanangu Hardi,

Natumaini leo umeamka na nafuu. Mimi nipo.

Wamekataa. Karatasi haina sababu, ina nembo na mistari miwili. Barua yako ya Machi, ile iliyotakiwa kutangulia, ilinifikia baada ya mimi kwenda kule. Nimeisoma.

Nilirudi kwa polisi mara ya pili, na ya tatu, nikasema mgonjwa tu, mgonjwa tu, kama ulivyoniagiza. Bi. Noack akasema maombi yaliyokwisha kuandikwa hayafutiki. Nikamwambia, "Futa basi yale niliyosema kwa kujisifu, mimi ni mwanamke wa kujisifu, waulize wote, nilidanganya, hana filamu yoyote." Akasema, "Bi. Wünsche, usinifanye niandike na hilo."

Nilipotoka alinifuata kwenye korido akijifanya anakwenda chooni. Akasema bila kuniangalia, "Novemba si unatimiza sitini? Hapo hatakuuliza mtu." Nikamwambia Novemba ni mbali kwa mgonjwa. Akachezea vifungo vyake. Kisha akasema, "Kwa ugonjwa wanakataa. Kwa mazishi hawakatai."

Nikamwambia, basi hiyo ruhusa siitaki, kaa nayo.

Mwanangu, kwa mwokaji siku hizi naingia na kutoka. Jumamosi Scholze alinipisha mbele ya foleni. Nilikasirika siku nzima.

Subiri Novemba. Sikuombi kingine.

Mama yako,
Hertha


München, 19 Julai 1981

Mama,

Shikamoo. Nitakuwa mfupi, kila neno linamchukua Annegret muda mrefu.

Wamemleta kijana mwongozaji amalizie kazi. Ana adabu. Ananiuliza kila jambo, halafu anafanya lake, nami ningefanya hivyohivyo ningekuwa na umri wake. Amefika kwenye mwisho. Niliuandika mwisho na siupendi tena: mwanamke anazima mitambo, mmoja mmoja, kimya kinaingia. Ni kizuizi kilekile.

Niandikie wewe mwisho mwingine. Ukumbi ujae.

Gotthard


Hennersgrund, 2 Agosti 1981

Mwanangu Hardi,

Pokea salamu za mama yako, na Traudel, na mwokaji aliyenipa biskuti ambazo najua hutazila lakini nazituma.

Nimekaa na huo mwisho wako siku nyingi. Nimeujaribu mtamboni, nimeujaribu jikoni. Mimi ambaye miisho ya watu huwa naitengeneza nikiwa hata sijavua koti, safari hii kila nikianza mkono unasimama. Basi nimeandika huu, na ukiona wa kawaida sana mwambie huyo kijana asiuweke.

Mwanamke yuko kazini, mitambo inakwenda yote sita. Mlango wa ukumbi unafunguka kule mwisho, mbali, na anaingia mwanawe na koti la safari. Anasema kitu. Kelele ni zilezile, hakuna anayesikia, na sisi tulio sinema hatusikii pia. Lakini mama anamwona mdomo. Anamjibu. Wanaongea hivyo, huyu huku na yule kule, muda mrefu, na wafumaji wengine wanapita katikati na mikokoteni. Hatuambiwi wanasema nini. Hazimi mtambo hata mmoja.

Watu watauliza "halafu?" Waache waulize.

Annegret, mwanangu, najua unasoma hii. Nikifika Novemba nitakufundisha supu. Akifumba macho mara mbili usikate tamaa, tangu mdogo husema hapana kwanza. Tazama pembe ya kushoto ya mdomo wake, ndiyo inayosema kweli.

Subiri, Hardi. Majani yakianguka tu nitakuwa njiani.

Mama yako,
Hertha


Hennersgrund, 6 Septemba 1981

Mwanangu Hardi,

Hujambo? Sijapata jibu. Huenda barua imekaa mpakani, wanaweza kuwa wanaijadili ile hadithi.

Mimi mzima. Niandikie hata neno moja, hata Annegret aliandike.

Mama yako,
Hertha


Hennersgrund, 25 Septemba 1981

Mwanangu Gotthard,

Leo siulizi hali yako.

Wamenipa ruhusa. Telegramu ililetwa kiwandani, karani akaja nayo kati ya mitambo, akafungua mdomo, nikamsoma kutoka mbali kabla hajanifikia. Nikamwashiria ninamaliza taulo kwanza. Nikamaliza. Traudel akanifungua aproni.

Tulikwenda naye polisi. Bi. Noack alikuwepo dirishani. Utaratibu unamlazimu aulize, akauliza: "Sababu ya safari?"

Benchi zilikuwa zimejaa nyuma yangu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, mwanangu. Kwamba redio ya kwenu imekutaja, Lothar ameisikia na kunipigia simu hadi posta, hakujali nani yuko sebuleni. Kwamba ulikuwa ukiandika kila neno ukiniweka mimi mbele yako. Kwamba mwisho wa filamu yako ya mwisho ni wangu, na Annegret ameniandikia kuwa kijana ameupiga picha kama ulivyo, na wewe ulikuwepo kwenye kiti, ukafumba macho mara moja. Nikaisukuma telegramu chini ya kioo.

Akapiga muhuri.

Treni ni kesho asubuhi. Traudel kanikopesha viatu vyeusi, vinabana. Mwokaji alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, na Scholze nyuma yake, na wengine, wakasimama uani wamejipanga kama Jumamosi. Walingoja niseme kitu. Nikawashukuru nikafunga mlango.

Barua hii siipeleki posta. Nakuja nayo mkononi, hakuna atakayeifungua.

Mama yako,
Hertha